Mshenga wa Teksi

Hapo zamani za juzijuzi, katika Jamhuri ya Usijali, nchi ambayo msomaji asijisumbue kuitafuta maana haifanani hata kidogo na kwao, aliishi mwanamke mmoja mpika keki aitwaye Salha Mkongea. Keki zake zilikuwa za ghorofa. Na keki ya ghorofa haipandi basi wala haibebwi kichwani, kwa hiyo Salha alikuwa mtu wa teksi, atake asitake.

Zamani alikuwa akizipanda kijiweni kwa Mzee Mkwachu, mwenyekiti wa madereva wa teksi wa mji mzima. Pale kijiweni abiria hakuchagua gari. Lililokuwa mbele ya foleni ndilo lako, hata kama mlango wake umefungwa kwa kamba ya katani. Na kabla hujaondoka uliulizwa habari za mama, habari za baba, habari za shangazi aliyekuwa akiumwa goti, na za yule mjomba ambaye mpaka leo hajarudisha pampu ya Mzee Mkwachu. Ukifika unakokwenda, ukoo wako wote umeshajadiliwa, na keki imeegemea upande.

Ndipo ikaja Nijie. Nijie ilikuwa programu ya simu. Unabonyeza, gari linakuja mpaka mlangoni, lina kipupwe, na dereva hana habari na goti la mtu. Salha aliipenda siku ile ile. Mji mzima uliipenda. Mzee Mkwachu na wenzake wakabaki kijiweni wakicheza drafti kutwa nzima, mpaka vizibo vya soda walivyochezea vikachujuka rangi, na ikawa mtu halijui jeshi lake wala la mwenzake.

Mzee Mkwachu hakuwa mtu wa kulialia. Siku moja alivaa kanzu yake ya Idi, akaenda moja kwa moja kwa Waziri wa Usalama wa Abiria, Mheshimiwa Daktari Mwinchande Pazi.

"Mheshimiwa," akasema, "wewe una binti. Akija mtu kumposa, unafanyaje?"

"Namuuliza kwao wapi," akajibu Mheshimiwa. "Nauliza ukoo wao una maradhi gani, wamegombana na nani, wanakula nini. Natuma watu wakapeleleze."

"Haya. Na akija mtu na gari, akampakia binti yako huyo huyo kiti cha nyuma, vioo juu, humjui baba yake wala babu yake?"

Mheshimiwa alisimama. Kijasho kikamtoka. Alikuwa Waziri wa Usalama wa Abiria kwa miaka mingi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kufikiria usalama wa abiria. Jambo lenyewe lilimpa kizunguzungu, ikabidi aletewe maji.

Kamati ikaundwa papo hapo. Kwa kuwa suala lilikuwa la mila za Usijali, kamati ilikwenda kulichunguza ng'ambo, katika nchi zenye hoteli nzuri, na ilirudi na masanduku mengi na kanuni chache. Usiku ule televisheni ya taifa ilikatisha mpira wa miguu ili Mheshimiwa azungumze.

"Ndugu wananchi! Kuanzia leo, hakuna Musijali atakayeendeshwa na mtu asiyejulikana kwao. Usalama si jambo la kubonyezabonyeza. Usalama ni ukoo!"

Wananchi wakapiga makofi, kwanza kwa sababu maneno yalikuwa matamu, pili kwa sababu walitaka mpira urudi.

*

Kanuni zenyewe zilikuwa nyepesi kabisa. Abiria akiita gari, dereva haji. Anamtuma mshenga. Mshenga anabisha hodi, anakaribishwa, anakunywa chai, anasifia pazia, anazunguka weee, mwishowe anakohoa na kusema: "Tumesikia nyumba hii ina abiria." Hapo wanaketi wazee wawili wa upande wa abiria na wawili wa upande wa dereva, wanachambua koo zote mbili mpaka waridhike. Kisha abiria anaulizwa mara tatu kama ameridhia kuendeshwa na fulani bin fulani. Akinyamaza, ameridhia. Dereva anatoa kishika mkono, kanga au mkufu, au kipande cha sabuni ikiwa safari ni fupi. Mwisho hupigwa vigelegele, ili majirani wajue kwamba gari linaondoka. Na hayo yote ni kwa kila safari, maana, kama alivyofafanua Mheshimiwa, mtu anaweza kuwa na ukoo mzuri asubuhi na jioni akawa amebadilika.

Salha alizipokea kanuni kwa moyo safi. Siku ya kwanza aliita gari alfajiri, mshenga akafika saa nne, wazee wakapatana adhuhuri, na keki ikafika harusini jioni ikiwa imekaa kama nyanya zilizokaliwa na mtu. Siku ya pili aliwapikia wazee uji ili waharakishe. Walikunywa uji, wakasinzia.

Maana wazee ndio walioadimika. Kila mwenye mvi mjini alikuwa amekwisha kodiwa. Vijana wakaanza kujipaka majivu ndevuni na kutembelea mikongojo. Kampuni ya Nijie nayo haikulala, ikaongeza kitufe kipya kwenye simu: Ongeza Wazee. Na nani alizijua koo za watu kuliko madereva wa kijiweni? Walizijua mpaka magoti. Kwa hiyo wale wale waliokwenda kuishtaki Nijie wakawa ndio wazee wake na washenga wake, wakizungushwa mjini kutwa kwenye magari ya kipupwe, huku teksi zao zikiota majani pale kijiweni. Mzee Mkwachu akawa mshenga anayetafutwa kuliko wote. Alikuwa na kanzu tatu sasa. Ndani ya teksi yake kuku alikuwa akiatamia mayai.

Wizara ikatangaza kwamba ajali za barabarani zimepungua mno. Hilo lilikuwa kweli tupu, kwa sababu magari karibu yote yalikuwa yamesimama nje ya nyumba za watu, yakingoja wazee wamalize chai.

*

Sasa, Salha alikuwa na mchumba, Mbaruku, mwalimu wa jiografia, mtu mpole aliyekwenda kila mahali kwa miguu na kujua majina ya vilima vyote alivyopanda. Walipendana sana. Harusi ilikuwa Jumamosi. Sare zilikwisha kushonwa, na Salha alikuwa amepanga kujiokea mwenyewe keki ambayo mji ungeizungumzia miaka mingi. Kilichobaki ni kwenda kuandikisha ndoa kwa Msajili, Bi Havijawa, ambaye ofisi yake ilibanwa ndani ya uwanja wa Wizara ya Usalama wa Abiria kwa uhaba wa majengo.

Bi Havijawa aliandika jina la Salha kwenye kompyuta, akatabasamu, kisha akaacha kutabasamu.

"Bibie, hongera. Ila wewe ni mke wa mtu."

"Mke wa nani?" Salha akaruka.

"Wa Tindwa. Gari jeupe, nyota nne na nusu."

Mbaruku alimtazama Salha. Salha alimtazama Mbaruku. Bi Havijawa, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaeleza taratibu. Sheria ya Ndoa ya Usijali ilitungwa na mababu, na mababu hawakuwa watu wa maneno mengi. Akija mshenga, wakaketi wazee wawili kila upande, mwanamke akaulizwa mara tatu, akapokea kitu, vigelegele vikapigwa, wakaondoka pamoja na kufika salama, basi hao ni mke na mume. Sheria haikusema popote kwamba ni lazima wajue wanaoana.

"Kompyuta yetu inasajili yenyewe kila safari," alisema kwa fahari. "Mwaka huu tumeongoza bara zima kwa ndoa. Tumeletewa kikombe."

"Kwa hiyo mimi nina waume wangapi?" akauliza Salha.

"Mmoja tu! Hii ni nchi yenye maadili. Safari mpya ikikamilika, ile ya nyuma inajifuta. Jana asubuhi ulikuwa wa mwingine, mrefu hivi. Jioni ukawa wa Tindwa."

"Na wanaume walioendeshwa na wanaume?" akauliza Mbaruku, ambaye hata katika huzuni alipenda kujifunza.

"Hao tumewaandika mashemeji."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia Tindwa mwenyewe, pande la mtu, analia machozi. "Dada yangu!" akasema. "Mama watoto kasikia. Kanitolea sufuria zangu nje. Mwambie huyu bibi, mimi na wewe kuna nini? Mimi si nilikuwa nakupeleka tu na keki?"

"Hatuna kitu, kaka yangu," Salha akamtuliza. "Bi Havijawa, tunaachanaje?"

"Rahisi sana. Panda gari jingine."

"Si nitakuwa mke wa dereva huyo mwingine?"

"Ndiyo. Lakini na huyu mtakuwa mmeachana vizuri."

Walikwenda kwa Mheshimiwa, maana alikuwa mlango wa pili. Mheshimiwa aliwasikiliza kwa masikitiko makubwa, akasimama, akafunga kifungo cha koti kana kwamba kuna kamera.

"Serikali," akasema, "haijamwoza mtu yeyote kwa makusudi. Kwa hiyo haiwezi kumwachisha mtu yeyote kwa makusudi. Tumefika mbali katika usalama, hatuwezi kurudi nyuma kwa sababu ya mapenzi ya watu wawili."

Salha alitoka hapo, akaketi kwenye ngazi za Wizara, akalia. Alilia kilio cha kweli, kile cha mabega. Aliuona wazi mwisho wake: ataingia ukumbini Jumamosi akiwa amevaa shela, na mume wake halali atakuwa yeyote yule aliyelileta gari. Mbaruku alikaa kando yake, akamshika mkono. Alijua vilima na mito. Hili hakulijua.

Ghafla Salha akanyamaza. Akafuta pua.

"Mbaruku. Unajua kuendesha gari?"

"Sijui hata mlango wa dereva ni upi."

Salha akainuka, akarudi kwa Bi Havijawa mbio. "Kanuni zinauliza nini kuhusu dereva?"

Bi Havijawa akapekua. Ziliuliza kwao wapi. Ziliuliza tabia za wajomba. Ziliuliza kama kuna aliyewahi kurogwa, kama bibi mzaa baba alikuwa mkarimu, na kama dereva anakoroma. Alipekua mpaka jalada la nyuma, akainua kichwa.

"Kujua kuendesha hakumo," akasema.

Salha alimbusu Bi Havijawa mashavu yote mawili.

*

Jambo likawa jepesi. Mbaruku angekuwa dereva. Angemtuma mshenga, wazee wangeketi, Salha angeulizwa mara tatu, na wangeondoka pamoja mpaka ofisini kwa Msajili. Wakifika salama, Tindwa angefutika, sufuria zake zingerudi jikoni, na Mbaruku angekuwa mume. Kuanzia hapo Salha asingepanda tena gari la mtu maisha yake yote. Kwa Mbaruku aliona si kitu.

Gari likatolewa na Mzee Mkwachu. Salha alikuwa amemwomba aendeshe yeye mwenyewe, aone kama kuna njia, mzee akakataa katakata.

"Nikikuendesha mimi utakuwa mke wangu, mwanangu. Na mke wangu wa sasa ana mchi, tena anajua kuutumia. Mimi nitakuwa mshenga. Gari chukueni."

Walipokwenda kulitoa, mzee alisimama mbele ya teksi yake muda mrefu. Majani yalikuwa yamefika madirishani. Alimtoa kuku kwa heshima, pamoja na mayai yake, akaupangusa usukani kwa pindo la kanzu mpya, na machozi yakamtoka bila kujificha. Alikuwa amelikumbuka gari lake. Tangu awe mtu mkubwa hakuna aliyemwambia, "Mzee, nipeleke mahali."

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa kina Salha, juu kabisa ya Mtaa wa Mteremko, nyumba ilijaa. Mzee Mkwachu alibisha hodi, akanywa chai, akasifia pazia, akakohoa, akasema wamesikia nyumba hii ina abiria. Wazee wanne wa kijiweni waliketi wawili wawili. Wakachambua ukoo wa Mbaruku mpaka kwa babu wa nne, ambaye inasemekana aliwahi kuhama mji kwa sababu ya mbuzi, wakamsamehe.

"Salha binti Mkongea, umeridhia kuendeshwa na Mbaruku bin Shee?"

Salha akanyamaza, kama inavyopendeza. Akaulizwa mara ya pili, akanyamaza tena. Mara nyingi mwaka huu alikuwa amekaa hivi hivi, kainamisha kichwa mbele ya wazee wanaopiga miayo, na kunyamaza kwake kumempa waume asiowakumbuka hata sura. Mara ya tatu hakuweza.

"Nimeridhia!" akapaza sauti, mpaka shangazi zake wakaona haya. "Nimeridhia kwa moyo wangu wote!"

Mbaruku akatoa kishika mkono, dira yake ya shaba, ile aliyopandia vilima. Vigelegele vikapasua bati.

Betri ilikuwa imekufa, kwa hiyo wazee wanne wakavua kanzu, wakasukuma. Mbele aliketi Mbaruku, ameshika usukani kwa mikono miwili kama anayezuia mbuzi, na kando yake Mzee Mkwachu. Nyuma aliketi Salha na shela lake na keki yake, ghorofa zote salama. Gari likasogea. Likasogea tena. Injini ikakohoa, ikakubali, na Mtaa wa Mteremko ukaanza kufanya kazi iliyoupa jina.

"Mbaruku," Salha akasema, "punguza kidogo."

"Napunguzaje?"

"Kanyaga breki!"

"Ndiyo ipi?"

"Ya katikati, mwanangu," akasema Mzee Mkwachu kwa upole. Mbaruku akakanyaga ya katikati. Ikashuka mpaka chini, ikakaa huko huko, na gari likazidi kwenda.

"Mzee!" Salha akapiga yowe. "Gari hili lina breki?"

"Lilikuwa nazo. Naona panya wamekula mipira yake."

"Ulijua?"

"Niliona. Ila hakuna aliyeniuliza. Nimeulizwa habari za babu yake wa nne, nimezijibu vizuri."

Wakapita meza ya matunda, mapapai yakaingia dirishani. Wakapita msururu wa magari ya Nijie yaliyosimama yakingoja wazee, na madereva wake wakashangilia kuona kitu kinakwenda. Keki ikapoteza ghorofa ya juu, ikamvaa Mzee Mkwachu kichwani. Nyuma, mbali, wazee wanne walikuwa wakikimbia kwa nguo za ndani, maana kanuni ziliwataka wasiiache safari peke yake. Mbaruku alikuwa anacheka. Hakujua kwa nini anacheka. Salha naye akaanza kucheka, huku amefumba macho na amemkumbatia kwa nyuma pamoja na kiti, akasema, "Kata kushoto, mume wangu, kata kushoto!"

Mbaruku akakata kushoto. Wakapita lango la Wizara wamelivaa bango la kitambaa lililosema USALAMA NI UKOO, wakazunguka bustani mara moja, wakazama katika fungu la mchanga uliokusudiwa kujengea sanamu ya Abiria Salama.

*

Mlango ukafunguliwa, akatoka Salha, siagi ya keki nyusini, shela liko shingoni, mzima. Akatoka Mbaruku, mzima. Akatoka Mzee Mkwachu, anajilamba masharubu.

Mheshimiwa Daktari Mwinchande Pazi alikuwa amekwisha fika na wasaidizi wake. Alilizunguka gari. Alitazama bango lake kwenye kioo.

"Mshenga yupo?"

"Nipo, Mheshimiwa."

"Wazee?"

"Wanakuja," akasema Mzee Mkwachu. Kweli, walikuwa wanaingia langoni mmoja mmoja, wameshika viuno.

"Aliulizwa mara tatu? Vigelegele?"

"Vyote, Mheshimiwa. Na jibu alilitoa kwa sauti."

Mheshimiwa alipumua kwa furaha. Akasema mbele ya wote kwamba kwa muda mrefu hajapata kuona safari iliyotimiza kanuni hivi, akaamuru gari libandikwe muhuri mkubwa wa dhahabu wa Wizara: SALAMA KABISA. Bi Havijawa alikuwa dirishani mwake na kompyuta. "Tindwa amefutika!" akapiga kelele. "Mbaruku ameingia! Hongereni!" Salha alimrukia mumewe shingoni, na Wizara nzima, ambayo haikuwa na kazi asubuhi ile, ikapiga vigelegele.

Ila Mheshimiwa hakuwa amekuja kwa ajili ya harusi. Alikuwa hajafika kwake tangu juzi. Wazee wote wa mji walikuwa wamekodiwa, na Waziri wa Usalama wa Abiria hawezi kuonekana anasafiri ovyo. Amelala ofisini siku mbili, juu ya kanuni. Na sasa Mungu amemletea mshenga, wazee wanne, na gari lenye muhuri.

"Litoeni mchangani," akaamuru. "Natangulia nyumbani kula."

"Mheshimiwa, usipande!" Salha akasema. "Gari hili halina breki!"

Mheshimiwa alimtazama kwa huruma. "Bibi harusi, furaha imekuzidi. Mambo ya usalama tuachie wenye usalama."

"Halina breki kweli, Mheshimiwa," akasema Mzee Mkwachu. "Mimi ndiye mwenye gari."

"Mzee, usinipotezee muda. Dereva nani?"

Akajitokeza kijana mmoja wa Wizara, mtanashati, aliyepata leseni kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. "Mimi, mjomba."

"Mpwa wangu!" Uso wa Mheshimiwa ukang'aa. "Basi ukoo hauna haja ya kuchunguzwa. Ni wangu."

Aliulizwa mara tatu, akajibu zote tatu kwa sauti ya kwenye hadhara. Alipewa kipande cha sabuni. Akaketi nyuma, juu ya ghorofa ya pili ya keki, akapandisha kioo. Wazee wanne wakatazamana, wakamtazama mwenyekiti wao, na mwenyekiti akatazama muhuri wa dhahabu. Wakainama, wakaanza kusukuma kuelekea langoni, ambako Mtaa wa Mteremko ulizidi kushuka, hata nusu yake ilikuwa bado.

Salha na Mbaruku walikuwa wamekwisha toka, wanakwenda kwa miguu, wameshikana mikono kando ya barabara. Nyuma yao vigelegele vikapanda, injini ikakohoa, ikakubali.

"Ruka!" Salha akamwambia mumewe, na wote wawili wakaruka mtaro.